Cherehani ya Marehemu

Kwa wiki kadhaa za Desemba, cherehani ya mama mmoja wa kisiwa cha Mfangano ilikuwa ikishona katika sehemu tatu kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja iliyokuwa nyumbani kwake. Gurudumu lake lilikuwa likizunguka Migori mjini, katika duka la mapazia. Chuma chake cha kushikia sindano kilikuwa Homa Bay, kwa akina mama wa kwaya. Shato yake, kile chuma chenye umbo la mwezi mchanga kinachozunguka chini ya sindano na kunasa uzi, ilikuwa Isebania kwa fundi wa sare za shule. Kiwiliwili kilichobaki kilikuwa chini ya meza yetu, kimefunikwa gunia.

Sisi ndio tuliofanya hivyo. Tulifanya kwa nia njema, mchana kweupe, tukapiga na picha.

Nieleze kwanza tulikuwa nani. Tulikuwa wanafunzi wa chuo cha ufundi hapa Migori, na kila muhula ulipokwisha, nyuma ya mabweni palibaki lundo la vitu: pasi, birika za umeme, redio, viatu vya soli moja, viti vya miguu mitatu. Lori la taka lilipochelewa, lundo lilichomwa, na moshi wa plastiki ukaingia madarasani. Wachache wetu tulianza kuokota. Baadaye tukapewa banda la mabati lililokuwa stoo ya saruji, na kila Jumamosi tukalifungulia watu wa mjini: leta kilichoharibika, tukitengeneze pamoja. Mara moja kwa mwezi tulifunga vifaa kwenye masanduku tukaenda Homa Bay, ambako kanisa moja lilituruhusu kutumia baraza ya ukumbi wake.

Kanuni yetu kubwa ilikuwa moja. Mwenye kitu haachi kitu akaondoka. Anakaa kwenye kigoda, anashika tochi au sahani ya skrubu, anaona ndani ya kitu chake. Mwenyekiti wetu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa umeme, alikuwa na msemo wake: mtu akishaona ndani ya pasi yake, haitupi tena kirahisi. Nilimwamini, na bado naamini alikuwa na haki katika hilo.

Mimi sijui kutengeneza kitu. Kazi yangu ilikuwa daftari na kadi. Kadi nilizikata kutoka kwenye maboksi ya mafuta ya kupikia, nikazitoboa na kuzifunga kwa waya kwenye kila kitu kilichoingia. Kila kadi ilikuwa na mambo matatu: kitu, mwenyewe, mahali. Nilijivunia kadi zangu. Hakuna kitu kilichowahi kupotea.

Sasa neno lenyewe, marehemu. Miongoni mwetu alikuwako mcheshi mmoja, fundi wa redio, ambaye mjomba wake husoma matangazo ya vifo kwenye mazishi. Huku kwetu hata mtoto anajua tangazo la tanzia linavyosomwa: sauti inashushwa, orodha ya ndugu ni ndefu kuliko mahubiri, na msomaji hasahau kutaja walio Nairobi. Jioni moja wakati wa kufagia, mcheshi alipanda juu ya kigoda akiwa ameshika pasi iliyoungua.

"Kwa masikitiko makubwa," alisema, "tunatangaza kifo cha ghafla cha pasi, kilichotokea baada ya kuugua kwa dakika tano. Marehemu alikuwa dada yake birika na shemeji wa plagi. Ameacha waya mmoja mzima na skrubu nne."

"Mazishi lini?" mtu akauliza.

"Hakuna mazishi. Familia imekubali tumle."

Tulicheka mpaka ufagio ukaanguka. Tangu siku hiyo kitu kisichotengenezeka kiliitwa marehemu. Rafu ya vipuri ikawa rafu ya marehemu. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa na kadi, yeyote aliyeamua kwamba kitu kimekwisha aliandika neno hilo kwenye kadi, kwa mwandiko wowote, na aliyefuata alijua kwamba anaweza kukifungua na kuchukua anachohitaji. Mimi mwenyewe nililiandika mara nyingi.

Mama wa Mfangano alikuja Homa Bay Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani kifuani, kimefungwa kwa leso mbili, jinsi mtu anavyombeba mtoto mgonjwa aliyezidi umri wa kubebwa. Alikiweka mezani kwangu, akafungua mafundo taratibu. Ilikuwa cherehani ya zamani, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita.

"Inaruka uzi," alisema. "Inashona mbili inaacha moja."

"Jina la mwenyewe, mama?"

"Andika ya marehemu."

"Jina lako wewe."

"Mimi natumia tu. Mwenyewe ni marehemu. Wewe andika vile nimesema."

Kwa Kijaluo mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi. Boma linabaki la mume, nyumba inabaki yake, na kwa mama huyu cherehani pia. Mume alikuwa fundi wa nguo kwenye baraza ya duka moja pale kisiwani. Mke alijifunza kwa kumtazama na kumshonea vifungo. Alipofariki, mama akaikalia ile cherehani, na shule ya msingi ya karibu ikaendelea kumpa kazi ya sare. Sare za Januari alikuwa ameshazikata vitambaa. Alinieleza yote hayo bila kuulizwa, akitazama kadi yangu kuona kama naandika.

Niliandika: *Cherehani. Marehemu. Mfangano.* Nilifupisha, kama ninavyofupisha kila kitu. Kadi ni ndogo.

Mcheshi wetu alimvutia kigoda. "Kaa hapa, mama. Kanuni yetu ni mwenye kitu anakaa."

"Mwambie boti ya Mbita pia ikae," alijibu.

Alikuwa na haki. Kutoka Homa Bay alipaswa kufika Mbita kabla ya boti ya mwisho ya kisiwani. Na mwanafunzi pekee kati yetu aliyejua cherehani vizuri, msichana wa kozi ya ushonaji, hakuja siku hiyo; dada yake alikuwa amejifungua. Mwenyekiti akaamua tuibebe hadi Migori, huyo fundi wetu wa cherehani aitazame, na mama aichukue Homa Bay kabla ya Krismasi. Ndiyo mara ya kwanza tulipovunja kanuni ya kigoda. Mama alikunja leso moja akaondoka nayo, nyingine akaiacha iifunike cherehani.

Jumamosi iliyofuata sikuwa karakanani. Nilikuwa na mtihani wa vitendo. Fundi wetu wa cherehani naye bado hakuwa amerudi. Siku hiyohiyo, kama kwamba wameambiana, wakaja watu watatu wenye cherehani mbovu: mwenye duka la mapazia, mwakilishi wa kwaya aliyesafiri kutoka Homa Bay, na fundi wa Isebania. Zote zilikuwa za zamani, za aina moja, zile ambazo vipuri vyake havipatikani madukani. Mwenyekiti na mcheshi walitafuta rafuni, wakakuta cherehani ya aina ileile, na kadi yangu ikining'inia kwa waya; wakadhani mmoja wetu ameshaifungua ile ya Homa Bay akaona imekwisha.

Walifanya kazi nzuri. Lazima niseme hivyo. Kila mwenye cherehani alikaa kwenye kigoda chake akashika tochi. Picha ikatumwa kwenye kundi letu la simu: watu watatu wakicheka mbele ya mashine zao, na chini yake maneno ya mwenyekiti, *Marehemu mmoja ameokoa watatu.* Niliiona picha hiyo nikiwa napanga foleni ya chakula. Niliipenda. Niliituma kwa dada yangu.

Jumanne fundi wetu wa cherehani alirudi, akaniuliza, "Ile ya mjane iko wapi? Nimeletewa ujumbe kwamba inaruka uzi. Hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Tulitazama rafuni, tukatazama chini ya meza, tukavuta gunia. Aliinamia kile kiwiliwili kwa muda, akapitisha kidole mahali shato ilipokuwa. Alinyanyua kadi, akaisoma, akanikabidhi.

Mwenyekiti alipofika hakuelewa tunagombana nini.

"Kadi imesema marehemu."

"Ni *ya* marehemu," nikamwambia. "Ni ya mume wake."

Akaigeuza kadi, akatazama upande wa pili, akarudi wa kwanza. "Sasa hiyo *ya* iko wapi?"

Hilo ndilo lililonikera zaidi katika mambo yote, kwamba swali lake lilikuwa sahihi. Nimelifikiria tangu siku hiyo kila nilipokaa na kalamu. Lakini yeye pia alijua, na mcheshi alijua, kwamba mimi siandiki hukumu kwenye mstari wa kati. Mstari wa kati ni wa mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kosa, na kwa hiyo hakuna aliyelibeba zima.

Nilimpigia mama simu mimi, kwa sababu wengine walikumbuka ghafla kwamba wana vipindi.

"Mama, kuna shida kidogo."

"Shida kidogo ni gani? Imevunjika?"

"Haijavunjika. Imefunguliwa. Vyuma vyake vitatu viko kwa watu wengine. Tulidhani haina mwenyewe."

Nilisikia kuku, na mtu akimimina maji kwenye karai. Kisha akauliza polepole, "Mmeigawa?"

Sikuwa nimetumia neno hilo. Kwetu vitu vya marehemu hugawanywa, na mara nyingi ugawaji ndio unaovunja boma.

"Ndugu zake walikuja na daftari," alisema. "Walichukua baiskeli, walichukua koti na viatu. Wakafika kwa cherehani, nikakaa juu ya meza yake. Nilikaa hapo mpaka wakaenda. Hawakuigawa. Sasa ninyi, watoto wa watu, nani amewapa ruhusa?"

Akaniuliza kama najua shule zinafunguliwa lini. Nikasema najua. Akasema vitambaa viko mezani, vimekatwa, na hawezi kuvirudisha dukani vikiwa na umbo la sketi.

Mwenyekiti alikuja na suluhisho, na wakati huo niliona ni zuri. Chuo kilikuwa na cherehani ya ziada, mpya kuliko ile, ya kukanyaga kwa miguu, iliyokuwa imekaa bila kazi. Tungempa. Nikapiga simu tena.

"Hiyo ni ya nani?" mama akauliza.

"Haina mtu, mama. Ni ya bure."

"Basi mpe asiye na mtu."

"Huyu mama ni mgumu," mwenyekiti alisema baadaye. "Kazi yetu ni kitu kifanye kazi. Cherehani ni cherehani." Nilitaka kumkumbusha kwamba ni yeye aliyetufundisha kukalisha watu kwenye vigoda ili wasione kitu chao kama kitu chochote tu. Sikumkumbusha. Alikuwa ameshaandika ripoti ya muhula, na ndani yake kulikuwa na mstari uliosema cherehani tatu zimefufuliwa. Nilimwomba aongeze kwamba moja iliuawa. Akasema wageni wa kukagua karakana wanakuja, na ripoti imeshakwenda.

Chuo kikafungwa. Wengi wakaenda makwao. Tukabaki mimi na fundi wetu wa cherehani, tukaanza kufuata vyuma.

Mwenye duka la mapazia ni mzee wa Kiislamu aliyekuja Migori akiwa kijana na kuzeeka hapa. Tulijitayarisha kwa hotuba. Hakutusubiri tumalize. Aliposikia neno mjane alisimamisha mashine, akaomba bisibisi, akaanza kulifungua gurudumu mwenyewe.

"Hii ni amana, wanangu. Mngesema tangu mwanzo."

"Na kazi yako, mzee?"

"Pazia halina haraka. Dirisha haliendi mahali."

Tulitoka pale tumebeba gurudumu, na badala ya kufurahi nilihisi vibaya zaidi. Tulikuwa tumemtengenezea mtu mwema mashine, na sasa tumeiharibu tena. Nilifungua ukurasa mpya daftarini: cherehani mbovu, moja, imerudi kuwa mbovu.

Homa Bay hakukuwa rahisi. Akina mama wa kwaya walikuwa katikati ya kushona joho za Krismasi. Kiongozi wao alitusikiliza akiwa amesimama.

"Mlitupa mkipiga picha," alisema, "na sasa mnakuja kuchukua kimyakimya?"

"Tumekosea, mama."

"Kukosea ni kwenu. Joho ni zetu. Lazima kamati ikae."

Kamati haikukaa wiki hiyo kwa sababu ya mazishi, wala wiki iliyofuata kwa sababu ya mazoezi. Krismasi ikaja, joho zikavaliwa, na tuliambiwa zilipendeza. Mama wa Mfangano alikuwa akinitumia ujumbe kila siku mbili. Haukuwa na matusi. Uliandikwa tu, *Nyathina, imefika wapi?* Nyathina ni mwanangu. Ningependelea matusi.

Tulirudi Homa Bay baada ya Krismasi, tukakaa mbele ya kamati. Wakaanza kujadili kama kitu kilichotolewa kanisani kinaweza kurudishwa. Mmoja alitaka tuandike barua. Mwingine alitaka barua hiyo ipigwe muhuri wa chuo, na chuo kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa naandika madai yao kwa mpangilio, kwa hasira, wakati mwanamke aliyekaa karibu na mlango, ambaye hakuwa amesema neno, aliinuka akaenda kwenye cherehani.

"Hiki chuma kinafunguka wapi?" alimwuliza fundi wetu.

"We, tunaongea bado," kiongozi akasema.

"Endeleeni. Mimi pia ni chi liel. Nimeshasikia mikutano ya kugawa, najua inavyokwisha."

Hakuna aliyemzuia. Tuliondoka na chuma cha sindano kimefungwa kwenye karatasi ya nyimbo.

Ikabaki shato. Na bila shato cherehani ni pambo la meza. Fundi wa Isebania hakukataa kuirudisha; hakupatikana tu. Mara ya kwanza simu yake ilizimwa. Mara ya pili mke wake alisema amevuka Sirare na mashine yake, ana kazi ya sare upande wa Tanzania, atarudi Jumatano. Jumatano ikawa Ijumaa. Tulitafuta shato mpya madukani Migori, na kila muuzaji alituletea ileile ya mashine za kisasa, ndogo kwa unywele, akituapia kwamba itaingia tukiibembeleza.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya tulimkuta barazani kwake. Ni mtu mchangamfu, Mkuria wa makamo, mwenye futi ya kupimia shingoni hata asipokuwa na kazi. Alitukaribisha kwa furaha kabisa.

"Nilijua mtakuja. Nimewatafutia suluhisho. Sirare nimepata shato nyingine, ya zamani kama yenu, size moja. Nikasema, hawa watoto walinisaidia, nitawarudishia yao."

Nusura nimkumbatie. Akaingia ndani akatoka na kopo la rangi ya viatu, akalifungua. Ndani mlikuwa na shato mbili, juu ya pamba, ziking'aa kama pete.

"Ipi ni ile yetu?" fundi wetu akauliza.

"Hizo hapo."

"Ndiyo, lakini ipi?"

Alizichukua, akazigeuza kwenye mwanga, akazipima kiganjani, moja huku, moja kule. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Nilizipitisha msasa zote mbili," alisema. "Zilikuwa na kutu na vijikwaruzo. Nikasema niwape ikiwa safi."

"Hakukuwa na alama?"

"Moja ilikuwa na mikwaruzo ya tupa kwenye ncha. Kama mtu aliichonga zamani isikate uzi. Nimeilainisha." Akatutazama. "Nimefanya vibaya?"

Fundi wetu alimwuliza kama mashine yake inaweza kutuonyesha, maana shato huacha njia yake kwenye chuma kinachoizunguka. Alijaribu zote. Zote ziliingia, zote zilizunguka. Kisha mwenyeji wetu alifunga kopo akatukabidhi lote. "Chukueni mbili. Mimi nitatafuta nyingine. Moja hapo ni yake, hilo naapa."

Tuliiunganisha cherehani siku iliyofuata katika banda letu, mlango ukiwa wazi, hakuna mtu mwingine chuoni isipokuwa bawabu. Kazi ya dakika kumi ikachukua asubuhi nzima. Fundi wetu aliweka shato ya kwanza, akashona mstari kwenye kipande cha shuka. Haukuruka hata pigo moja. Akaitoa, akaweka ya pili, akashona mstari mwingine kando ya ule. Tulibeba kitambaa hadi mlangoni tukakitazama. Nilimpa bawabu aseme ipi imeshona wapi. Akasema, "Si ni cherehani moja hii?"

Nikampigia mama. Nilimwambia iko tayari, vyuma vyote vitatu vimerudi, inashona. Alishukuru kwa sauti ya chini. Alisema atakuja Homa Bay kesho kutwa, atapanda boti ya kwanza, na kwamba jirani atamsaidia kushona vifungo ili wamalize kabla ya shule. Kisha akaniuliza, "Ile shato, umeiangalia? Aliipiga tupa mwenyewe kwenye ncha, mwaka ule ilikuwa inakata uzi. Alikaa nayo jioni mbili. Ina mikwaruzo mitatu."

Nilisema nitaangalia.

Iliyomo ndani ya mashine sasa ni ile ya pili. Ya kwanza iko kwenye kopo, juu ya pamba, mezani kwangu hapa Homa Bay. Fundi wetu anadhani tumwambie. Mwenyekiti, kwa simu kutoka kwao, anasema inashona na hiyo inatosha. Mama ameshafika Mbita. Ametuma ujumbe kwamba anapanda gari la Homa Bay. Zote mbili zinashona sawa, na hakuna mtu duniani anayejua ipi ni ya marehemu.